Ngumi Inayosimama Mbele ya Pua

Mgeni rasmi, Papa Kanyamibwa, mkuu wa ligi yetu ya karate: tarehe kumi na nne ya mwezi wa pili, saa tatu za asubuhi, kioo cha gari yako kilipanda. Ulikuwa kwenye kizuizi, nyuma ya kamyoneti ya askari iliyombeba mwalimu wetu Karangwa, mikono yake imefungwa kwa kamba ya ng'ombe. Dada Kaswera, mwanakarate mwenzetu, alikimbia akagonga dirisha lako: "Papa, uwaambie huyu iko mwalimu. Weye unamujua." Ukageuza uso ukatazama milima. Milima ilikuwa na nini siku ile, Papa, ambacho haina kila siku?

KUKUKARIBISHA

Hata hivyo, karibu Kirolirwe. Karibu katika nyumba hii, ambayo zamani ilikuwa ya kutengenezea fromage, jibini, na mpaka leo inanuka maziwa. Hatujawa watu wa kumnyima mgeni kiti. Sisi ni wanakarate thelathini na mmoja, wanaume kwa wanawake, wafugaji, wakulima na wenye maduka. Anayesoma ni Eugène, mwandishi wa kikundi. Hakumaliza shule, ila tarehe hazimtoki kichwani.

TULIKOTOKA

Karangwa ni mchunga ng'ombe. Alijifunza karate Kirotshe, kwa muuguzi mmoja aliyefundisha baada ya kazi. Mwaka 2013, tuliporudi kutoka kambi ya waliokimbia vita na kukuta nyumba hazina mabati, yeye alifagia hapa kwanza kabla ya kufagia kwake, akatuita. Mama Mukandori akatushonea kimono za mifuko ya unga. Maandishi ya kiwanda tunayo mgongoni mpaka leo. Mwalimu hakuwa na maneno matamu. "Weye Bienvenu," alikuwa akisema, "unapiga ngumi sawa muntu anafukuza nzi kwa maziwa." Tungetoa mengi kulisikia tena tusi lile.

KARATE NI NINI

Wageni hutuuliza: hiyo ni michezo, ao ni kupigana? Vitabu vinasema ni mkono usio na silaha. Haitoshi. Wasio na silaha huku ni wengi, na karate hawaijui.

Sisi tuna desturi yetu. Siku ya mtihani wa mkanda, mwalimu hakuulizi rafiki yako ni nani. Anakuuliza: "Humu ndani, unaogopa nani?" Huyo ndiye anayesimama mbele yako. Anakurushia ngumi kwa nguvu zake zote, na anaisimamisha unene wa ukucha kabla ya pua yako. Wewe hufumbi macho.

Muhindo ana duka. Kamyo ya baba yake ilichomwa mwaka 2017, na siku zote alisema waliochoma ni watu wa upande wa akina Cyusa. Cyusa, mfugaji, alipoulizwa anaogopa nani, alijibu: "Muhindo."

"Na anaogopa vizuri," Muhindo akasema.

Tukacheka kidogo, halafu hakuna aliyecheka. Ngumi ikaja. Ikasimama. Cyusa hakufumba. Wakainamiana kama sheria ilivyo, na Muhindo akabaki ameinama, akabaki, mpaka mwalimu akamwambia: "Inuka basi, ng'ombe zangu zinangoja."

Hiyo njo karate, Papa. Muntu ana nguvu yote ya kuvunja, naye anaisimamisha mwenyewe, bila kushikwa mkono. Na mwenye uso anakubali kungoja macho wazi. Jina lingine la jambo hilo hatulijui. Tunamjua aliyetufundisha.

KOSA LETU

Kosa tunalo, hatulifichi. Baada ya kila mtihani tunabandika orodha mlangoni, majina yote na rangi za mikanda kwa Kifaransa, brun ya kahawia, jaune ya manjano, ili wazazi wasome. Eugène aliiandika kwa unadhifu, wa juu wakakaa juu, wa chini wakakaa chini. Askari walipita wakaisoma.

"Brun njo nani? Iko komanda?"

"Hapana, afande, iko rangi ya mukanda," akajibu Wivine, mmoja wetu.

"Na hawa jaune kumi na mbili, nani anawaongoza?"

"Mwalimu."

"Njo huyo tunatafuta."

Wakabandua orodha, wakamchukua Karangwa akiwa bado na ndoo ya maziwa mkononi.

HALI YETU TANGU SIKU ILE

Ni miezi saba. Tunaanza mazoezi kwa kuinama mbele ya mahali alipokuwa akisimama, na kila mara kuna mmoja anayechelewa kuinuka. Lile swali la nani unamuogopa, hakuna anayethubutu kuliuliza. Muhindo anajizoeza nyuma ya duka, Cyusa kule malishoni, na salamu yao imekuwa kuvuka barabara wasikutane. Jumamosi iliyopita, sokoni, ngumi ya Bienvenu haikusimama: jirani yake amepoteza meno mawili. Alikuja kwetu analia. "Mwalimu angekuwapo," alisema, "mukono ungejua pa kuishia."

OMBI MOJA

Hatuombi mikanda, wala vifaa, wala picha nyingine pamoja nawe. Wanaomshikilia wamesema kwa kinywa chao: mkuu wa ligi akithibitisha kwamba orodha ile ni ya mikanda, Karangwa anatoka. Tumekuandikia mara tatu. Mkanda wake mweusi, wewe ndiye uliyemfunga, kwa mikono yako, humu ndani, mwaka jana, tarehe tisa ya mwezi wa nane. Usiseme humjui.

Mungu aliyeturudisha kutoka kambini akupe barabara kavu, watoto wenye afya, na usingizi wa mtu asiyedaiwa na dhamiri. Ni sisi, wanakarate wa Kirolirwe. Barua ya nne, ya kuthibitisha orodha ile, iko mezani mbele yako, na kalamu iko juu yake. Usituambie utaisomea ofisini. Tia sahihi sasa, tukiona, upige na muhuri. Muhindo na Cyusa wamekubali kuipeleka pamoja, leo hii. Kesho hatujui kama watakubali.