Papa Ambroise Monga na Taa Zilizojua Kungoja

Papa Ambroise Monga alizaliwa Luena, tarehe 12 Machi 1961, mtoto wa pili wa fundi wa reli. Shule ya msingi aliisomea hukohuko, kisha akaja Kamina kusomea umeme. Redio ya baba yake aliifungua vipande vipande akiwa bado mdogo, akashindwa kuifunga, na kiboko alikipata.

Kazi yake tunaijua wote: kibanda karibu na gare ya treni, redio zimemzunguka, naye anazigombeza kama watoto. Tarehe 9 Agosti 1986 alifunga ndoa kanisani na Mama Agar Mwila.

Kwaresima ya mwaka 1998, kwa vipande vya redio zilizokufa, alitengeneza taa za vituo vyote vya Njia ya Msalaba. Kila taa ilikuwa na kondansateri yake, kidude kinachojaa umeme polepole. Kikijaa, taa inazimika na kuiamsha ya kituo kinachofuata. Parokia nzima ilishangilia. Lakini masikini, muda aliupima kwa miguu yake ya ujana! Kwetu mwanaume hasogeleani na mama wa mke wake, basi mama mkwe alituma neno kwa Mama Agar: "Ambia bwana yako, taa yake iko mbio sana. Minyi ningali pa Yesu anaanguka mara ya kwanza, yenyewe imeisha kufika Kalvario!"

Papa Ambroise aliona haya kweli kweli. Kumwuliza mama mkwe hakuweza, kutembea naye ndiyo kabisa. Akajibanza nyuma ya mlango wa sakristia, akamtazama anavyopiga magoti na kuinuka, akabadilisha kondansateri mpaka taa zikamngoja. Mama mkwe alipofariki, waimbaji walimsihi aziharakishe.

"Hapana. Bazee bangali," alijibu, maana wazee wengine bado walikuwapo, na yakaishia hapo.

Mwaka 2023 moyo ulianza kumsumbua, miguu ikavimba. Ijumaa Kuu iliyopita alitaka jambo moja tu: kufika kituo cha mwisho kwa miguu yake. Binti yake Mireille, aliyerithi ufundi wake, alijua kwamba hata ule mwendo wa mama mkwe ungemshinda. Bila kumwambia mtu, aliongeza kondansateri kwenye kila taa. Kituo cha tisa Papa akaketi, pumzi imekatika. Taa haikuzimika. Akaitazama, akamgeukia binti yake.

"Nani aligusa taa yangu?"

"Ni minyi, papa."

"Ulifanya muzuri. Usirudishe."

Alifika. Aliaga dunia nyumbani, Jumanne tarehe 6 Mei 2025 asubuhi, Mama Agar akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Mama Agar, watoto Mireille, Marc na Christelle, wajukuu, na dada yake, Mama Umba wa Bukama. Tunalia, hatufichi.

Mireille hakurudisha kitu. Leo tukimtoa kanisani, taa zitatuongoza kituo kwa kituo. Tunawaomba wanaobeba sanduku wasizipite. Nenda taratibu, Papa Ambroise, na Mungu akupokee kwa amani.