Bwana Umeonaje na Macho ya Wiki ya Kwanza

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi usiokatika, Afisa Mipango wa mji wetu anastaafu. Cheo chake kimeandikwa mlangoni; jina tunalomwitia, mbele yake na nyuma yake, ni Bwana Umeonaje. Alilipata kwa haki. Hakuna mgeni aliyekutana naye akaachwa aende zake bila kuulizwa swali hilo.

Wasiomfahamu walidhani ni ukarimu. Ukarimu ulikuwemo, lakini kilichomsukuma ni hoja. Alishikilia kwamba mwenyeji huuona mji wake kwa kumbukumbu, si kwa macho: anajua duka la dawa lilipo, kwa hiyo hasomi kibao, anaijua ngazi iliyovunjika, kwa hiyo huiruka bila kufikiri. Mgeni njoo, mwenyeji apone: wengi wetu huisema methali hiyo huku tukiangalia mkononi mwa mgeni amebeba nini. Yeye aliifanya utaratibu wa kazi. Kila mwalimu, muuguzi au karani aliyehamishiwa hapa aliitwa ofisini kwake ndani ya wiki ya kwanza, akaandaliwa chai, akaombwa aeleze ni wapi alipotea na ni jambo gani aliona haya kuliuliza. Aliyechelewa hadi wiki ya tatu aliambulia chai tu. "Umeshazoea," alimwambia, "huna faida kwangu tena."

Hakumeza kila alichoambiwa. Alitenganisha ladha na ushahidi. Mgeni akisema mji umepooza, hiyo ni ladha yake. Akisema ameuzunguka ukumbi mzima asiuone mlango, huo ni ushahidi, na kesho yake fundi rangi alikuwa kazini. Mkewe anasimulia kwamba hata wakwe wa binti yao, walipowatembelea kwa mara ya kwanza, waliulizwa mezani wameionaje nyumba. Mama mkwe, baada ya kubembelezwa sana, alikiri kwamba ameoga gizani: swichi ya taa ya bafuni ilikuwa nyuma ya kabati la vyombo. Mkewe alimpiga marufuku kuuliza tena watu wakiwa wanakula. Swichi, hata hivyo, ilihamishwa kabla wakwe hawajaaga.

Jambo lililompima kwa kweli lilianzia kwenye kaunta ya mapokezi ya ofisi yetu. Mwanamke mmoja, mpita njia, alikuwa akimkimbiza hospitali mama yake aliyebanwa na pumu. Alifuata kibao cha hospitali pale njia panda, akaishia kwenye ua wa tangi la maji. Barabara hiyo ilifungwa tangi lilipojengwa, na sisi sote tukahamia kichochoro cha nyuma ya shule bila yeyote kukumbuka kibao. Mama aliponea tundu la sindano. Binti alikuja kutuambia, wala hakupaza sauti: "Mji wenu unajua kila kitu isipokuwa kujieleza."

Bwana Umeonaje aliipeleka sentensi hiyo kwenye baraza kama ilivyo, akaomba vibao vyote vya mji vikaguliwe na watu wasioujua. Mwenyekiti alikunja uso. "Mgeni wa asubuhi ndiye atufundishe mji tuliozaliwa?" Mjumbe mmoja akauliza kama wapita njia sasa watapewa na kura. Ukumbi ulicheka. Yeye hakubishana, aliomba wajumbe wapande gari waende hospitali, wakiendeshwa na dereva aliyeazimwa kutoka mji mwingine, na njiani mtu asifungue kinywa. Waliahidi, na kwa mateso makubwa walitimiza. Gari lilisimama kwenye ua wa tangi. Mwenyekiti alishusha kioo, akalitazama tangi. "Haya," alisema, "tugeuze." Kibao kilihamishwa wiki hiyohiyo, na ukaguzi aliouomba haujakoma hadi leo.

Je, ukaguzi huo utaendelea akiondoka? Hilo ndilo lililomkosesha raha miezi hii ya mwisho. Baraza lilipendelea mrithi mzaliwa wa hapa, anayeujua mji. Yeye alitetea kinyume chake: apewe mtu asiyeujua kabisa, na aanze kazi kabla hajazoea. Alikubaliwa kwa shingo upande. Siku mrithi alipowasili, Bwana Umeonaje alikataa katakata kumpokea kituoni. "Aje mwenyewe," alisema, akaketi ofisini kumngojea.

Mrithi alifika amechelewa, viatu vimejaa vumbi, subira imemwishia. Alipoulizwa umeonaje, alijibu bila kutafuna maneno: "Mzee wangu, mji una vibao kila kona. Ofisi yako ndiyo haina." Kibao kilikuwepo nje, barabarani. Kilikuwa kimemezwa na matawi ya mti alioupanda Bwana Umeonaje mwenyewe mwaka wake wa kwanza kazini, mti ambao ameupita kila asubuhi tangu hapo. Alicheka hadi miwani ikamdondoka. Kisha akauliza ni nani mwenye msumeno, na jioni hiyo aliripoti kwa mwenyekiti kwamba mrithi anatosha.

Tunakushukuru, Bwana Umeonaje, kwa kutufundisha kwamba kukosolewa na mgeni si kudharauliwa. Tunakutakia afya njema na mapumziko yenye raha pamoja na mama. Ombi letu ni moja: usiharakishe kurudi kututembelea. Kaa mbali mpaka utusahau kidogo. Kisha uje, ushuke kituoni peke yako, ututafute. Chai itakuwa tayari, na swali unalijua.