Nilimsingizia Shemeji, Kumbe ni Plagi

Bwana asifiwe sana, watu wa Nuu! Mimi sikusoma, niliacha darasa la pili nikaenda kuchunga mbuzi, kwa hivyo nitaeleza vile najua. Nikipotea kando mnivumilie, nitarudi.

Mnanijua, mimi ni Baba Mwende wa pikipiki nyekundu. Msichana wangu Mwende alininunulia juu ya goti, kwa vile siwezi kutembea mbali. Goti hili niliumia nikichimba kisima cha mchangani, na maji yenyewe yalikuwa ya chumvi, hata punda alikataa. Haya, turudi. Hiyo pikipiki ilianza kukataa kuwaka asubuhi. Unapiga kiki, unapiga, jasho inakutoka, hakuna kitu. Ikiwaka inakohoa, inatoa moshi mweupe mpaka kuku wanakimbia.

Ndugu zangu, mimi sikufikiria injini. Nilifikiria mtu.

Pikipiki ilikuwa inalala chini ya mabati ya stoo ya Kalekye, mke wa marehemu ndugu yangu. Kalekye ni mzaliwa wa upande wa Makindu, ni mjane, ana watoto watatu, na mdomo wake ni mkali, hata yeye anajua. Nikaona kila asubuhi inakatalia kwake. Nikasema huyu ameniwekea kamuti. Wageni mliotoka mbali, kamuti ndio uchawi wetu wa Ukambani. Nikaihamisha, nikailaza kwangu. Ikakataa pia! Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nikasema uchawi umeifuata nyumbani.

Sitawaficha. Hilo jambo nililileta hapa hapa kanisani tuliombee. Nilisema tu "adui wa boma", mkasimama na mimi, mkakemea. Kumbe mlikuwa mnakemea mama wa watu. Mungu atusamehe sisi wote, lakini kosa kubwa ni langu.

Halafu nikaita ukoo. Wazee wakakubali kukaa Jumamosi, na neno lilikuwa moja: Kalekye arudi kwao, aache shamba na nyumba ya marehemu. Desturi mnaijua, anayeita kikao ndiye anatoa mbuzi. Yangu nilikuwa nimeichagua sokoni, imefungwa inaningoja. Jumamosi asubuhi natoka kuichukua, pikipiki ikakataa. Nikaisukuma na goti hili mpaka kwa fundi Musyimi, karibu na mashine ya kusaga.

Na nilikuwa nimefurahi! Nikamwambia, "Fundi, ona mwenyewe. Hata leo siku ya kikao ameifunga."

Musyimi akachukua spana akatoa plagi. Akina mama ambao hamjui, plagi ni kile kidude kinachotoa cheche ndani ya injini. Bila cheche petroli haiwaki. Yangu ilikuwa nyeusi tii kama chini ya sufuria, na imelowa mafuta.

"Mzee, kwani unaweka nini kwa tangi?"

"Petroli. Na oili kidogo."

"Oili!"

"Kifuniko kimoja tu. Injini isikauke."

"Nani alikufunza hiyo?"

Nilijifunza zamani, nikiwa kijana nikifanya kazi Makindu. Pikipiki yetu ya wakati huo ilikunywa petroli iliyochanganywa na oili, ukisahau inakufa barabarani. Nikaona vijana wa siku hizi hawajui kitu, nikaendelea vile najua.

Musyimi alicheka mpaka akashika ukuta. "Mzee, hii oili yake iko huku chini. Hiyo yako ya tangi inaungua, inakuwa masizi, plagi inashindwa kutoa moto. Umekuwa ukijiroga mwenyewe!"

Mama mmoja wa hapa kanisani aliyeleta mahindi kusaga akasema, "Sasa Baba Mwende, kumbe adui wa boma ni wewe! Tukikukemea utatokea wapi?" Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo.

Musyimi akamwaga yote ya tangi, akatia petroli safi na plagi mpya. Kiki moja, ikawaka.

Ndugu zangu, hapo ndipo niliogopa. Maana nikinyamaza, nani angeuliza habari ya plagi? Kalekye angeenda, na shamba lake lingekuja mkononi mwangu. Nasema kweli mbele za Mungu, nililifikiria hilo shamba. Liko chini karibu na mto, ndengu hukubali huko. Nilikaa juu ya pikipiki inanguruma mpaka Musyimi akaniuliza kama nimesahau njia ya kwangu. Sikusikia sauti kutoka mbinguni. Nilisikia aibu tu, na nikasema, "Yesu, nisaidie nisinyamaze." Nikapitia sokoni, nikafunga mbuzi nyuma, nikaenda kwenye kikao.

Nilikuta wazee wamekaa. Kalekye alikuwa amekaa chini, mizigo yake imefungwa kwa shuka. Sikungoja salamu ziishe. Nikasema yote, oili, tangi, masizi, na ile plagi nyeusi nikaitoa mfukoni, nikaiweka katikati waione. Mzee mmoja akauliza kama nimelewa.

Nikasema, "Sijalewa. Nimesingizia mtu."

Kalekye hakulia. Alisema, "Baba Mwende, hii mizigo nimefunga tangu alfajiri na mikono imeniuma. Njoo ufungue wewe."

Nikafungua mbele ya ukoo wote. Sufuria, blanketi, nguo za watoto, picha ya ndugu yangu. Ile picha nikaipeleka ndani, nikaitundika tena kwenye msumari wake.

Siwadanganyi kwamba sasa tunakunywa chai pamoja. Ananisalimia, basi, na ni haki yake. Lakini yuko kwake, na ndengu amepanda. Namshukuru Mungu aliyeniokoa na mdomo wangu kabla haujamfukuza mjane. Aliyenishika mimi mzee mbishi atakushika na wewe, mwamini tu. Na kama kuna mtu umemwita mchawi, usiningoje nikae chini. Nenda kwake leo. Kama ni mbali, nitakupeleka mimi. Pikipiki inawaka.

Amina.