Skii Zinalala Wapi

Usiniamini. Wala sikubembelezi. Kama unaona kijana aliyeacha shule kidato cha pili kule Mwanza hawezi kumaliza kilomita kumi kwenye msitu wa Finlandi, digrii tisa chini ya sifuri, wazungu wenyewe wakimpisha njia, basi simama, kung'uta suruali, uende zako. Kijiwe hakina mlango. Ila ukibaki unisikilize, maana katika Al Nahda nzima, minara yote hii tunayolala watu sita chumba kimoja, anayeijua theluji ni mmoja tu, na ni mimi, Rogers.

Kijiwe chenyewe ni ukingo wa saruji nyuma ya kafeteria, karibu na pale Dubai inapoishia na Sharjah inapoanzia, pamoja na kreti mbili za maziwa tulizozigeuza viti. Tunakutana Ijumaa mchana, wengine wametoka msikitini, wengine kanisani, wote tuna siku moja ya kupumua. Birika la kahawa chungu ni la Mzee Sulaiti, Mzanzibari anayehesabu shehena bandari ya Hamriya, tunamwita Manifesti, kama ile orodha ya mizigo ya meli. Faustine wa Bukoba anauza vipuri Ras Al Khor. Huyo ni Klachi, kwa sababu gari likiugua lolote, yeye anaisingizia klachi. Milly ni Mkenya wa Kakamega, mfanyakazi wa nyumbani, na ukimkera anakujibu kwa sauti ya madam wake. Mimi ni Digrii Tisa. Jina nililipata kihalali.

Ijumaa hiyo, Januari ya 2016, nilikuwa nawakumbusha safari yangu ya mwaka uliopita. Hawachoki kuisikia, hata wakisema wamechoka.

Nikaanza na njia, maana watu wanadhani skii ni kujitupa mteremkoni kama watalii kwenye lile jokofu la theluji la ndani ya mall. Hiyo waachie watoto. Ya kwetu, ile ya asili, ni ya msituni. Asubuhi mapema linapita greda la theluji, linalainisha, na nyuma yake linaacha mifereji miwili iliyonyooka, kila mguu na wa kwake. Unatumbukiza skii humo, nyembamba, ndefu kukuzidi wewe mwenyewe, kisigino kiko huru. Mguu huu unapiga teke, ule unateleza. Misonobari kulia, misonobari kushoto, matawi yameinama kwa uzito, kimya mpaka unasikia mate yako yakishuka. Siku ile theluji ilikuwa kavu kama unga wa muhogo, greda limeishindilia vizuri, hakuna ukingo wa mfereji uliomeguka. Mama mmoja mtunza njia, anaitwa Aili, aliniambia hali kama ile msimu mzima wanaipata mara chache. Mimi nilifika nikaikuta inanisubiri.

Nikahamia kwenye nta. Chini ya skii, pale unyayo unapokaa, unapaka nta, urefu wa mkono tu, na rangi inafuata baridi: kijani kwa baridi kali, bluu kwa baridi ya wastani, zambarau theluji ikikaribia kulowa. Hiyo nta ndiyo inayoshika ukipiga teke.

— Subiri hapo, dogo, akasema Faustine. Kitu kiteleze, halafu kitu hicho hicho kishike?

Nikamweleza kwamba skii imepinda katikati. Ukiteleza, tumbo lake haligusi chini. Ukikanyaga kwa nguvu, linashuka na nta inauma theluji. Maelezo ya dakika moja. Lakini kijiwe chetu maelezo mafupi hakiyapokei.

Faustine alisema basi hiyo ni klachi, wazungu wameificha ndani ya mbao ili tusiinunue. Milly akakataa. Kwa maoni yake theluji ina upande, kama zulia la manyoya la madam: ukipapasa huku inalala, ukipapasa kule inakukatalia, ndiyo maana huko hakuna anayerudi kwa njia aliyoendea. Mzee Sulaiti akatuacha tumalize, akapuliza kikombe chake, akasema shida ni dunia. Finlandi iko begani mwa dunia, na kila kitu kule kinaporomoka kuja huku. Shehena ya kutoka kaskazini hufika mapema, ya kwenda kaskazini huchelewa. Ameihesabu miaka thelathini, hajaona kinyume chake.

— Na bado huyu mtoto wetu alipanda, akasema. Hamriya nzima nimewaambia. Makuli, makarani, mpaka mpishi wa kantini. Tuna mtu wetu amemaliza kilomita kumi za barafu.

Nakwambia kifua kilinijaa mpaka kifungo cha shati kikalalamika.

Hapo ndipo akatokea kijana mmoja mwembamba, kanzu imepigwa pasi, akamwamkia mzee kwanza kisha sisi. Mzee Sulaiti alikuwa amekutana naye msikitini akamwalika makusudi. Anaitwa Shakir, mtu wa Likoni, ana miezi mitatu Dubai, dereva wa nyumba moja Al Warqa. Jumanne anasafiri na arbab wake, yaani bosi wake, kwenda Finlandi, yeye ndiye atakayebeba skii na kuzipaka nta.

— Nimekuletea fundi mwenyewe, mzee akamwambia, akinionyesha mimi. Uliza utakalo.

Shakir alikaa kwenye kreti, akatoa simu aandike. Alisema arbab wake ni mtu wa kujipima uzito asubuhi na jioni, na akishasema atafika mahali, hageuki.

Kikombe changu kikasimama njiani. Al Warqa, mizani asubuhi na jioni. Lile geti nimeliosha mimi miaka miwili. Pale kijiweni nilikuwa nimesema tu kwamba nilikuwa na arbab tajiri, na kwamba tuliporudi safari niliacha kazi mwenyewe kwa sababu nimeichoka, ndipo Faustine akanitafutia nafasi kwenye ghala la vipuri. Hakuna aliyewahi kuniuliza zaidi.

— Mwenzangu wa kwanza alimharibia skii, Shakir akaendelea. Arbab hataki hata kusema alifanya nini. Ameniambia tu, nikirudia lile, khalas, narudishwa kwetu. Na mimi, kaka, nina mtoto wa wiki sita sijamshika bado.

Nikamjibu maswali ya nta, na niliyajibu vizuri, hilo sidanganyi. Mimi ni mwalimu nikitaka. Nikamwambia apake nyembamba, asugue kwa kizibo mpaka ing'ae, na akisita kati ya rangi mbili aanze na ya baridi zaidi. Aliandika yote. Kisha akauliza swali dogo kabisa.

— Na zikishapakwa, zinalala wapi?

Kijiwe, ambacho hakijawahi kumwacha mtu bila jibu, kikajibu kwa niaba yangu. Faustine alisema ndani, bila shaka, injini ya baridi haiwaki. Milly akaongeza kwamba hata viatu vya madam vinalala ndani. Mzee Sulaiti akapitisha: mbao zikiachwa kwenye baridi zitapasuka, ziwekwe karibu na hita. Wote watatu walikuwa na uhakika kuliko Aili na Finlandi yake.

Shakir akawa anaandika. Nilikuwa naisoma simu yake kwa pembeni: ndani, karibu na hita.

Mzee Sulaiti alikuwa ananitazama huku anatabasamu, na nilijua nikifungua mdomo lile tabasamu sitalipata tena. Hamriya nzima. Mpaka mpishi wa kantini.

— Futa hilo, nikasema. Zinalala nje.

— Nje, kwenye baridi yote hiyo?

— Nje. Ukizipaka ndani, zitoe mapema zipoe. Mimi nilizionea huruma, nikazilaza kando ya hita, asubuhi nikamvalisha arbab zikiwa na joto. Theluji ikayeyuka chini yake, ikaganda hapo hapo. Hakufika mbali, chini ya kila mguu kulikuwa na bonge la ukubwa wa mkate. Nilikwangua, likarudi. Nikakwangua tena, likarudi.

Shakir aliacha kuandika.

— Yule wa kwanza ni wewe.

— Ni mimi. Na sikuacha kazi. Niliachishwa.

Faustine ndiye aliyeniuliza kuhusu kilomita kumi.

Nikawaambia. Arbab alikuwa ameshamwambia kaka yake kwenye simu kwamba atafika kibanda cha kilomita ya tano, na mtu huyo hageuki. Tulitembea kwa miguu, tano kwenda, tano kurudi, mimi nimebeba skii zake na zangu begani, buti zetu zikibomoa ile mifereji mizuri hatua kwa hatua. Wazungu walinipisha, ndiyo. Ukikutana na mtu ana skii nne begani na anageuka geuka, utampisha tu.

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

— Kwa hiyo hukuteleza kabisa, akasema Mzee Sulaiti, polepole.

— Niliteleza, ami. Asubuhi ya mwisho arbab aligoma kutoka kitandani. Aili alikuwa amezichomeka skii zangu kwenye theluji nje tangu jana yake. Akanivalisha mwenyewe, akaniweka kwenye mifereji, akanisukuma mgongoni. Kutoka mwanzo wa njia mpaka nguzo moja nyekundu. Mita mia mbili. Nta ilishika, nikapiga teke, nikaenda.

— Ulianguka?

— Sikuanguka.

Mzee aliinua birika, akalitikisa. Iliyobaki ilitosha kikombe kimoja. Akakijaza, akanipa mimi.

— Basi kesho bandarini nitawaambia mia mbili, akasema. Bila kuanguka.

Shakir alifuta mstari wake akaandika neno moja: nje. Alilipigia mstari mara mbili. Nikamsindikiza mpaka kituo cha basi nikimfundisha kushika fimbo za skii, kifua mbele, maana nani mwingine angemfundisha.

Sasa wewe uliyebaki kunisikiliza mpaka hapa, una haki ya kipande ambacho hata kijiwe sikukipa. Sikuanguka kwa sababu niliikumbatia ile nguzo nyekundu. Kusimama nilikuwa sijafundishwa. Wala kugeuka. Nilivua skii, nikarudi kwa miguu, na ndivyo ninavyojua kwamba ni mita mia mbili: nilizihesabu hatua zote, nikicheka peke yangu.