Mzee Kishindo na Fimbo Iliyotundikwa

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mzee Kishindo anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu. Miwili ya mwanzo alifagia vyuma chakavu. Iliyobaki yote amekuwa kwenye tangi.

Kwa wenzetu wa ofisini, ambao hufika kwetu kuchukua saini na kutoka mbio: tangi ni lile pipa pana la chuma lililojaa maji. Ndani yake, chini kabisa, hukaa kalibu yenye umbo tunalolitaka, na juu ya kalibu tunalaza bamba la alumini. Pampu hunyonya hewa iliyo kati ya viwili hivyo. Kisha umeme uliokusanywa kwenye makapasita huachiwa kwa mpigo mmoja ndani ya maji, na maji yanalisukuma bamba. Kufumba na kufumbua? Huko ni kuchelewa. Kabla kope hazijakutana, bamba limeshaingia kila kona na kutulia. Huu ni mwaka wangu wa nne nikiliona jambo hili, na bado nywele zinanisimama.

Kishindo ni cha tangi, si chake. Yeye mwenyewe ukitaka kumsikia lazima uzime feni.

Bamba likibakiza hewa chini hutoka na uvimbe, nasi huliita mimba. Zote zinaning'inia ukutani, na tarehe zimeandikwa kwa chaki. Ya Mzee ni moja, ya mwaka wake wa kwanza tangini, na amekataa katakata ishushwe. Zangu ni tatu. Ya mwisho niliitoa siku chache kabla ya likizo yangu ya uzazi, na karakana nzima ikanipongeza kwa kupata pacha.

Wengi mnakumbuka ile paneli ya mlango wa gari la wagonjwa. Mashine ya kukandamiza ilichana kona za paneli kumi na nne mfululizo. Mzee akasema chuma hakigombezwi, akakipiga mipigo mitatu midogo badala ya mmoja mkubwa, na kila baada ya mpigo aliipapasa kona kwa kidole gumba. Ikatoka nzima. Fundi wa ile mashine alivua kofia.

Lakini nisiandike sifa tupu. Makapasita hubakiza umeme hata swichi ikizimwa, ndiyo maana kuna fimbo yenye waya wa kuupeleka umeme ardhini. Itundikwe kwanza kwenye makapasita, ndipo mtu aguse. Mwaka jana mwanangu alikuwa anaota meno, nami nilikuja kazini macho wazi, akili imelala. Nikanyoosha mkono tangini kabla ya fimbo. Mzee alinidaka kiwiko. Hakufoka. Alitutuma sote tukanywe chai, akaandika kwenye daftari la usalama: jina langu, na chini yake lake, kwa kuwa alikuwa ametazama pembeni.

Nilinuna wiki nzima. Niliogopa kazi itaniponyoka. Nikamwambia, "Mzee, si ungeninyamazia tu? Ajali haina kinga."

"Kinga ipo, binti yangu, ni fimbo ile pale ukutani," akasema. "Sasa mwanao akikungoja jioni, nimpelekee daftari safi?"

Kesho yake alinitundikisha fimbo mara hamsini, tangi likiwa tupu, huku akihesabu.

Jumanne iliyopita ulikuwa mpigo wake wa mwisho, ila hakuupiga. Alivua ufunguo wa swichi shingoni, akanivisha mimi. Tangi liliponguruma na kunyamaza, nikageuka, nikamwona amesimama nyuma ya mstari wa njano, mikono mgongoni, kama mgeni aliyepiga hodi. Mtu ambaye miaka yote hii ndiye aliyegusa wa kwanza, alikuwa anangoja ruhusa.

Nikatundika fimbo. Sikuharakisha. Nikasema, "Mzee, karibu."

Ndipo alipovuka. Alilifuta bamba maji kwa mkono wa shati, akalipapasa kona zote nne, akatikisa kichwa. "Na bado linanishangaza," akasema.

Mzee wetu, ahsante. Unaondoka na vidole vyako vyote kumi, na sisi umetuachia vyetu. Mapumziko yako yawe marefu, yenye afya na kicheko. Nenda kwa amani, fimbo imetundikwa.