Mary Ann Wahu Khaemba (1962–2009): Mwanga wa Upande wa Pili

Dada yetu Mary Ann Wahu alizaliwa tarehe 9 Juni 1962 huko Murang'a, mtoto wa tatu wa Mzee Kagwe Waithaka na marehemu Mama Nyambu. Alikuwa na miaka minne familia ilipohamia Kwanza, Trans-Nzoia, kulima mahindi. Mimi ni Kabiru, niliyemfuata kuzaliwa. Familia imenipa kazi ya kusoma wasifu huu kwa sababu, walisema, nilibishana naye kuliko wengine wote. Ni kweli, na sikumbuki nikishinda.

Alianza shule ya msingi Kwanza mwaka wa 1969, akasoma sekondari mjini Kitale, kisha akajiunga na chuo kikuu Nairobi mwaka wa 1982 kusomea fizikia. Wakati mmoja, akiwa bado msichana mdogo, Baba alikitafuta kioo chake cha kunyolea asubuhi nzima. Alikikuta ghalani, kimeegemezwa mlangoni ili kipeleke jua nyuma ya magunia. Baba aliuliza mahindi yanahitaji mwanga wa nini. Wahu akamjibu kwamba si mahindi yaliyouhitaji, ni yeye.

Tarehe 10 Desemba 1988 alifunga ndoa kanisani Kitale na Mwalimu Wekoye Khaemba wa Bungoma. Wazee wa pande zote mbili walinung'unika, kila upande kwa lugha yake, kisha wakala pamoja. Mungu aliwajalia watoto wawili, Khaemba na Nyambu.

Alifundisha fizikia Kitale kuanzia 1986 hadi 1998. Mwaka uliofuata alipata ufadhili wa masomo Uswidi, akahitimu udaktari wa falsafa mwaka wa 2003. Huko walimwomba abaki. Alirudi Septemba ya mwaka huo huo, na chuo kimoja hapa Bungoma kikampa chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Hiyo ndiyo ikawa maabara yake.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza nyaya za fedha, ile ya pete na hereni, nyembamba kiasi kwamba ungelazimika kuupasua unywele mara mia saba ndipo upate mfano wa mmoja. Ukiumulika waya wa namna hiyo kwenye ncha moja, mwanga hukimbia juu yake na kutokea ncha ya pili. Ughaibuni alikuwa ameuona mwanga huo kwenye nyaya za watu wengine. Alitaka auone kwenye nyaya alizozikuza mwenyewe Bungoma. Hilo tu ndilo alilolitaka, na alilitaka kwa ukaidi wote tunaoujua.

Dawa za kukuzia nyaya hizo zilipaswa kuchemshwa kwenye joto lisiloyumba kwa saa nzima, na stima yetu haikuwa na subira hiyo. Basi akawa anatumbukiza chupa ndani ya karai la mafuta ya kupikia, juu ya jiko la makaa, uani kwake. Mgeni mmoja kutoka Moi's Bridge alikaa pale akingoja mandazi hadi akachoka, akaondoka akisema nyumba ile ina uchoyo.

Kwa zaidi ya miaka miwili hakupata nyaya. Alipata vumbi la manjano tu, chembe za duara. Mwaka wa 2005 akapatikana na ugonjwa wa sukari, na Aprili 2006 akaenda hospitali Eldoret kupimwa macho. Mama mkwe wake, Mama Nakhumicha, alibaki kumtunzia nyumba. Akaziona zile chupa za maabara, akazisugua kwa jivu vile anavyosugua sufuria. Wahu aliporudi alikasirika sana, lakini chupa nyingine hakuwa nazo, akazitumia hizo hizo. Safari hii, alipotikisa chupa, maji yalimetameta kama kitambaa cha hariri. Nyaya zilikuwa zimeota.

Alimwendea mama mkwe kwa heshima na kumuuliza alifanya nini hasa. Mama alidhani bado anagombezwa. "Si ni jivu tu, mwanangu. Zilikuwa na madoa." Ilimchukua Wahu mwaka mzima kuhakikisha kwamba kilichofanya kazi ni chumvi kidogo iliyobaki kutoka kwa jivu. Tangu hapo aliweka chumvi ya mezani kwa kipimo, na Mama Nakhumicha akatangazwa kwa kila mgeni kama mshirika wa utafiti.

Lakini macho hayakungoja. Sukari ililichukua jicho la kulia mwaka wa 2007, na la kushoto katikati ya 2008. Tulimwambia apumzike. Akatuuliza, akipumzika, nyaya zitajimulika zenyewe?

Novemba 2008, Linet Cherop, fundi wake wa maabara, alielekeza mwanga mwekundu wa leza kwenye ncha ya waya mmoja chini ya hadubini. "Mwalimu," akasema, "huku mwisho kumewaka."

"Usinifurahishe, Cherop. Inaweza kuwa vumbi."

Wahu akaomba aongozwe mkono hadi kwenye skrubu ya kusogeza mwanga. Vumbi lingeendelea kuwaka hata mwanga ukisogea kidogo. Mwisho wa waya ungezima mara tu mwanga ukiiacha ncha ya mwanzo. Akawa anaizungusha bila kusema anaelekea wapi, akihesabu kwa vidole, na Linet akawa anataja anachokiona. Imezima. Bado. Imewaka. Imezima. Kila jibu lilikubaliana na vidole vya Wahu. Wekoye, aliyekuwa amesimama mlangoni, anasema hajawahi kumwona mkewe akilia kwa furaha namna ile.

Mwaka huu figo zilishindwa. Alisafishwa damu Eldoret, na huko ndiko alikotutoka Ijumaa tarehe 14 Agosti 2009, saa tano asubuhi, akiwa na miaka arobaini na saba. Siku chache kabla, Linet alimwambia kwa huzuni kwamba nyaya za Novemba zimeshika weusi, kama fedha yoyote iliyoachwa hewani. Wahu akamjibu, "Basi kuza zingine."

Ameacha mume wake, Mwalimu Wekoye. Watoto, Khaemba na Nyambu. Baba yetu, Mzee Kagwe. Mama mkwe, Mama Nakhumicha. Sisi ndugu zake. Na wanafunzi wa Kitale na Bungoma ambao hakuwahi kuwaruhusu waseme "haiwezekani".

Programu hii ya mazishi ilikuwa tayari kwenda kuchapishwa Linet aliponipigia simu kutoka maabara. Alikuwa amekuza zingine. Hakunisalimu hata. "Mwambie Mwalimu imewaka."

Basi, Wahu, nakwambia mbele ya watu wote hawa: imewaka. Sasa unaweza kupumzika, dada, na amani ya Mungu iwe nawe.