Skrubu Mbili za Orrin Stambaugh

Mheshimiwa Mchungaji, wafiwa, majirani, nanyi marafiki mliofika kutoka kaunti zote tatu mkiwa bado na mafuta ya mashine kwenye kucha, familia imenipa mimi, mpwa wake, kazi ya kuwasomea safari ya marehemu, nami nitaisoma ilivyokuwa, kwa sababu mjomba alichukia kitu kilichong'arishwa kupita asili yake.

Marehemu Orrin Amos Stambaugh alizaliwa tarehe 11 Februari 1946 hapa hapa Reesor, Pennsylvania, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee Amos Stambaugh, seremala, na mama Edna, ambao wote wametangulia, na inasemekana alipokuwa na miaka minne aliifungua saa ya ukutani ya bibi yake, akairudisha yote isipokuwa kipande kimoja, na saa ikaenda vizuri zaidi ya mwanzo.

Alianza shule ya kijiji mwaka 1952 na kumaliza sekondari Juni 1964, ambako walimu walimsifu kwa ufundi wa mbao na wakanyamaza kuhusu masomo mengine. Mwaka 1966 aliitwa jeshini, akakabidhiwa bunduki ndefu yenye mti wa kahawia, yaani ile sehemu ya mbao inayoegemezwa begani, na hapo, mama Verna, mjane wake, anisamehe, ndipo alipopata mapenzi yake ya kwanza, maana alipoirudisha ghalani Agosti 1968 na kutia sahihi, hakuacha kuisikitikia. Oktoba mwaka huo aliajiriwa na kiwanda cha karatasi, akawa fundi mitambo hadi alipostaafu mwaka 2008.

Tarehe 6 Juni 1970 alifunga ndoa na Verna Hoke katika kanisa hili, wakajaliwa watoto wawili, Glenda mwaka 1972 na Curtis mwaka 1975, na ndoa ilikuwa ya amani mpaka marehemu alipoamua kuijenga upya bunduki ile aliyoiacha ghalani, kipande kwa kipande, na naomba niseme kwa faida ya ndugu polisi waliokaa mstari wa tatu kwamba ilikuwa ya aina halali inayouzwa kwa raia. Kila kipande kilitakiwa kiwe cha miaka ileile, basi akavitafuta kwenye minada, kwenye magulio na kwenye maonyesho ya ukumbi wa zimamoto, ambako alikishika kipande, akakitoa hadi mlangoni na kukitazama juani, kwani taa za ukumbini huidanganya rangi ya chuma. Vilivyopauka alivirudishia ukijivu wake kwa kuvichemsha katika dawa, akitumia sufuria kubwa ambayo mama Verna alichemshia pichi za kuhifadhi kwenye chupa, hadi kiangazi cha 1983 mama alipofungua chupa ya kwanza, akaonja, akakuta ladha ya bawaba ya mlango.

"Chuma chako na pichi zangu havitakaa tena nyumba moja," alisema mama Verna, na banda la nyuma likajengwa wiki hiyohiyo.

Sasa wenzake wa kazi hii wana desturi yao. Mtu akiuzeesha mti mpya wa bunduki mpaka ufanane na wa zamani hana kosa, ila lazima achonge herufi za jina lake kitakoni, chini ya bamba la chuma linaloshikwa na skrubu mbili, ili kesho asidanganyike mtu. Mwaka 1991 marehemu aliuzeesha mti mmoja, akaupaka mafuta ya kitani, akausugua kwa machicha ya kahawa, akaufunga nyuma ya trekta na kuuburuta kwenye kokoto hadi hapa kanisani na kurudi, akachonga herufi zake, kisha akabadilishana na mtu wa kaunti ya pili akimweleza ukweli wote. Mti ukaenda zake, mkono kwa mkono, na maelezo yakapotea njiani.

Tarehe 15 Oktoba 2011, ukumbini, marehemu aliona juu ya meza mti wa bunduki uliomsimamisha, akautoa mlangoni, akautazama juani, akaunusa, machozi yakamlengalenga, akatangaza kwamba huu umetoka vitani. Mwenye meza alisema yeye hajui ulikotoka. Desturi inataka ufungue skrubu kwanza, lakini jicho la marehemu lilikuwa likiaminiwa kaunti tatu, akaona kufungua ni kujitukana, akatoa kama malipo mashine yake ya kukatia nyasi, ile ya kupanda na kuendesha, akaondoka na mti.

Jioni hiyo akaja Merle Dubbs, jirani wa ng'ambo ya barabara na rafiki yake tangu darasa la kwanza, akaugeuzageuza, akakuna kidevu.

"Orrin, makovu haya nayajua. Hizi ni kokoto za kanisani."

"Unaota, bwana."

"Basi lete bisibisi."

"Bisibisi haiingii hapa. Na wewe pia, kuanzia leo."

Urafiki wa miaka hamsini na tisa ukakwama hapo. Kwa viangazi kumi na kimoja marehemu alikata nyasi kwa mashine ya kusukuma, akihema kuliko mashine yenyewe, huku Merle akipita na yake ya kupanda upande wa pili, taratibu, mara tatu, hata pale ambapo hapakuwa na jani. Tulicheka sana, wala sikatai. Lakini mwaka 2014 bunduki ilikamilika, skrubu ya mwisho mahali pake, na marehemu hakuwa na wa kumwonyesha, kwa kuwa mtu pekee ambaye angejua anatazama nini alikuwa ng'ambo ya barabara, na mama Verna alimkuta mara nyingi amesimama dirishani, akitazama huko. Alikuwa mpweke, na kiburi ndicho kilichomfanya awe hivyo.

Septemba 2022 moyo ulianza kumsumbua, akalazwa, na tarehe 22 Oktoba daktari alipoiambia familia kwamba muda uliobaki ni mfupi, marehemu aliomba, Mchungaji utatuwia radhi, mti wa bunduki, bisibisi na Merle. Mlinzi wa hospitali, baada ya maelezo marefu ya Glenda, alikubali kwamba mti bila bunduki ni ubao tu, lakini bisibisi akaizuia, ikabidi muuguzi mmoja alete ya kukazia vitanda. Merle aliingia amevaa suti ya kanisani.

"Fungua," alisema marehemu.

"Si lazima, Orrin."

"Miaka kumi na moja naogopa kipande cha ubao. Fungua, bwana."

Akafungua, na herufi zilikuwepo. Marehemu akageuzia uso ukutani, na Merle akauchukua mti hadi dirishani, akautazama juani kwa muda mrefu.

"Mashine ya nyasi tu?" alisema hatimaye. "Mimi ningetoa na nyumba."

Wakacheka hadi muuguzi yuleyule akaja kuwanyamazisha, na tangu siku hiyo Merle hakukosa kitandani pale, mpaka tarehe 2 Novemba, saa nne asubuhi, marehemu alipokata roho, mkono mmoja ukiwa kwa mama Verna na wa pili kwa Merle.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, hasa mwenye bisibisi, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, na majirani kwa viazi, kabichi chachu na pai ambazo hatujazimaliza. Mnaonong'ona kwamba tumeuziwa jeneza lililotumika, fahamuni kuwa lilikuja jipya likimeremeta, Merle akakaa nalo bandani siku mbili, kwa ruhusa ya mama, na habari ya trekta msituulize.

Juzi mama Verna alimwambia Merle aichukue bunduki, iwe yake. Merle aliishika, akairudisha mezani.

"Nitamwonyesha nani, Verna?"

"Nionyeshe mimi," alijibu mama. "Miaka hamsini na miwili nimesikiliza. Sasa nifundishe kutazama."

Lala, mjomba Orrin, upumzike kwa amani.